MWENYE NJAA NA MWENYE CHAKULA: NI NANI AMTAFUTE MWENZIWE?

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mlishaji wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, aliyefunga jiwe tumboni kwa njaa siku ya Khandaki na huku akigawa alichonacho, na ziwashukie Aali zake na Sahaba zake wote.

Amma baadu. Katika mji mkubwa wako watu wanaolala na njaa, na katika mji huo huo kiko chakula kinachosazwa. Baina ya hao na hicho ipo njia, nayo sharti mtu aipite. Basi ni juu ya nani kuipita? Je, ni juu ya mwenye njaa kutoka nyumbani mwake kwenda kukitafuta chakula cha bure au cha bei rahisi pale kilipo? Au ni juu ya mwenye chakula kutoka kwenda kumtafuta mwenye njaa pale alipo?

Aghlabu ya watu wakiulizwa hujibu upesi, bila ya kufikiri, ya kuwa mwenye haja ndiye atafutaye. Na huleta methali ya wazee, kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali ni ya kweli. Lakini katika mas'ala hii yapasa kwanza kujulikana ni nani aliye mvunguni, na ni nani apaswaye kuinama. Na jawabu ya sharia si hiyo wanayoidhani wengi.

FASLI YA KWANZA: Khabari za Pugu

Mfano wa mas'ala hii uko Pugu. Pugu ni vilima vilivyo kusini-magharibi ya Dar es Salaam, kwenye mpaka wa Kisarawe. Zamani mtu akitoka Kariakoo kwenda Pugu alikuwa kama msafiri, akipita mashamba na misitu. Na wengi hawakuijua illa kwa skuli yake ya Misheni, ambako Mwalimu Julius Nyerere alisomesha mpaka alipoacha kazi mwaka 1955. Leo majengo yameshikana tangu Gerezani na Buguruni, yakapita Vingunguti na Ukonga na Gongo la Mboto, hata yakafika Pugu na kuendelea Chanika. Na tangu Juni 2024 treni ya umeme iendayo Morogoro ina stesheni yake Pugu. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 iliona katika Mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728. Na katika hao, wengi wasioweza kodi ya katikati ya mji wamesogea pembezoni, na Pugu ni pembezoni.

Pale Pugu yako mambo mawili ambayo mwenye akili akiyatazama humtosha kuwa mawaidha. La kwanza ni mnada wa mifugo. Ng'ombe na mbuzi watokao bara huuzwa hapo, kisha hupelekwa machinjioni Vingunguti na kwingineko, na mji hula nyama. La pili ni jaa kubwa la Pugu Kinyamwezi, ambako malori humwaga taka za mji. Na katika taka hizo mna wali wa harusi, mna mikate iliyolala, mna nyanya na ndizi zilizoharibika sokoni. Basi nyama hupita Pugu ikienda mjini, na makombo hurudi Pugu yakiwa yameoza. Chakula kimepita mlangoni pa mwenye njaa mara mbili, na mara zote mbili hakikuingia ndani.

Wala jambo hili si la Dar es Salaam peke yake. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilipopiga hesabu ya mwaka 2022, liliona ya kuwa chakula kilichotupwa duniani kwa mwaka ule mmoja kilifika tani bilioni 1.05, yaani karibu sehemu moja katika tano ya chakula kilichowafikia walaji. Na zaidi ya nusu yake kilitupwa majumbani. Kwa hiyo njaa ya mjini aghlabu si kwa kuwa chakula hakipo, bali ni kwa kuwa baina ya chungu na tumbo hapana aliyeipita njia.

Sasa ichukuliwe mithali ya mjane mmoja wa Pugu, mwenye watoto wanne, aliyekuwa akipika vitumbua asubuhi na kuviuza barabarani. Akapata maradhi mwezi mzima, mtaji ukaliwa. Mwenye duka la mtaani amemkopesha unga hata daftari limejaa. Amesikia ya kuwa mjini uko msikiti unaogawa chakula, na kwamba wako watu wema wanaotoa unga na maharage. Lakini nauli ya kwenda na kurudi hula bei ya unga wa siku; hajui siku wala saa ya kugawa; hana wa kumwachia mtoto mdogo; na zaidi ya yote hayo ana haya. Akikutana na jirani humwambia, "Alhamdulillahi, hatujambo," na jirani hupita na njia yake. Nguo zake ni safi. Nani atamjua?

FASLI YA PILI: Hukumu ya mwenye njaa

Mwenyezi Mungu (s.w.t.) amemtaja mtu wa namna hii katika Qurani. Katika Sura Al-Baqara, aya ya 273, ameeleza khabari za mafakiri ambao asiyewajua huwadhani kuwa ni matajiri, kwa ajili ya kujizuia kwao na kuomba. Na katika Sura Adh-Dhariyat, aya ya 19, ameeleza ya kuwa katika mali za wacha Mungu mna haki ya mwombaji na haki ya aliyenyimwa; na wafasiri wengi wamesema, aliyenyimwa ni yule asiyeomba, watu wakamdhania anacho, akakosa. Na imepokewa kwa Abu Hurayra (r.a.), katika Bukhari na Muslim, ya kuwa Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba masikini wa kweli si yule azungukaye kwa watu akapewa tonge moja au mawili, bali ni yule asiyepata cha kumtosha, wala hatambulikani akapewa sadaka, wala hasimami kuomba watu.

Basi haya ya mjane yule si ujinga wala si kiburi. Ni murua ambao Mwenyezi Mungu ameusifu. Na kuomba bila ya haja kumekatazwa makatazo makali: aombaye ili kuzidisha mali, huyo ajiombea kaa la moto.

Lakini kusifiwa kwa haya hakumaanishi kuwa kuomba wakati wa haja ni aibu. Imepokewa na Muslim kwa Qabisa bin Mukhariq (r.a.) ya kuwa kuomba ni halali kwa watu watatu: aliyejitwika dhamana ili kupatanisha watu, mpaka ailipe, aliyepatwa na msiba ulioteketeza mali yake, mpaka apate cha kusimamisha maisha yake, na aliyepatwa na ufakiri, wakashuhudia watu watatu wenye akili katika jamaa zake, mpaka naye apate cha kumsimamisha. Basi mjane wetu wa mithali, aliyeliwa mtaji na maradhi, ameingia katika hadithi hii kwa mlango ulio wazi. Akiomba, halaumiwi.

Bali iko daraja ambayo kunyamaza ndiko kunakolaumiwa. Mtu aliyehofia nafsi yake kuangamia hana ruhusa ya kujiachia afe, kwani Mwenyezi Mungu amekataza watu kujiua katika Sura An-Nisaa, aya ya 29. Na kwa ajili ya dharura amehalalisha hata mzoga kwa kadiri ya haja, kama ilivyo katika Al-Baqara, aya ya 173. Na mzazi hana budi kuzingatia jambo moja: haya ni yake yeye mwenyewe, aweza kustahimili njaa kwa ajili yake akapata thawabu, lakini njaa ya watoto si yake. Haifai mtu kuinunua heshima yake kwa matumbo ya wasiokuwa na kauli. Mama aliyefika hapo, kutoka kwake kwenda kusema haja yake ni ibada, na hatua zake zaandikwa.

Naye atokaye na aende kwa taratibu. Aanze kwa jamaa ambao sharia imewawajibisha, kwani kwa madhehebu ya Imamu Shafi mzazi mwenye uwezo humlisha mwanawe aliye fakiri, na mwana humlisha mzazi wake, hata wakipanda juu na kushuka chini. Kisha kwa imamu wa msikiti wake, amwambie kwa faragha, au amtume mke wa imamu. Kisha kwa mjumbe na serikali ya mtaa, kwani Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini wa TASAF, ulioanzishwa mwaka 2012, huzitambua kaya kwa mikutano ya watu wa mahali penyewe, na aliyefichika kabisa jina lake halitajwi mkutanoni. Kuipokea haki hiyo si kujidhalilisha.

FASLI YA TATU: Hukumu ya mwenye chakula

Hapa ndipo penye kiini cha mas'ala. Watu wengi hudhani ya kuwa aliyetoa zaka yake amemaliza, na kwamba chochote zaidi ya hapo ni hisani: akitaka hufanya, asipotaka haulizwi. Sivyo. Imamu Nawawi katika Minhaj, katika mlango wa jihadi, amezihesabu faradhi za kutosheleza, na miongoni mwake akataja kuondoa madhara ya Waislamu, kama kumvika aliye uchi na kumlisha mwenye njaa, ikiwa zaka na hazina ya Waislamu hazikutosha kuyaondoa. Basi kumlisha mwenye njaa kumewekwa katika safu moja na kumsalia maiti na kumzika. Watu wa mtaa hawawezi kusema, "Hatukuwa na nafasi ya kuzika." Wala hawawezi kusema hatukuwa na nafasi ya kulisha.

Na maana ya faradhi ya kutosheleza ni kuwa wakiifanya baadhi ya watu hushuka juu ya wengine, na wote wakiiacha hupata dhambi wenye uwezo. Hapo mtu huenda akasema, "Mimi sikujua. Hapana aliyeniambia ya kuwa nyumba ile haijapika siku mbili." Nawawi katika Rawdha amelijibu neno hili: dhambi humpata aliyejua akaacha, na humpata vile vile asiyejua, ikiwa alikuwa karibu na mahali pale kwa namna ambayo ilimpasa kuulizia na kuangalia. Na azingatie msomaji uzito wa hukumu hii. Kutokujua kwa mtu wa mbali ni udhuru. Kutokujua kwa jirani si udhuru, bali kwenyewe ni kosa la pili.

Je, jirani ni nani? Wanavyuoni wa Kishafi katika mlango wa wasia wamesema ya kuwa mtu akiwausia jirani zake, huhesabiwa nyumba arubaini kila upande katika pande nne. Hizo ni nyumba mia na sitini. Ikiwa hao ndio jirani wa mali yake baada ya kufa kwake, basi ni aula wawe jirani wa chungu chake naye yu hai. Na imepokewa kwa Ibn Abbas (r.a.), katika Al-Adab Al-Mufrad ya Bukhari, ya kuwa si muumini yule ashibaye na jirani yake ana njaa. Na Muslim amepokea kwa Abu Dharr (r.a.) ya kuwa Mtume (s.a.w.) alimwamrisha apikapo mchuzi azidishe maji, awaangalie jirani zake. Haikusemwa hapo angoje mpaka waje kugonga mlango. Ameambiwa aangalie.

FASLI YA NNE: Kisa cha Sayyidna Umar

Kisa cha Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.) na mama mwenye chungu ni mashuhuri, husimuliwa katika vyuo na katika misikiti, na watoto hukijua. Walakini aghlabu husimuliwa kwa ajili ya kumsifu Umar, na hukumu iliyomo ndani yake hupitwa.

Amepokea Aslam, mtumwa aliyeachwa huru na Umar, ya kuwa usiku mmoja walitoka wawili nje ya Madina, wakafika mahali paitwapo Sirar. Wakaona moto. Wakamkuta mwanamke na watoto wanaolia, na chungu juu ya mafiga. Umar akauliza kilichomo ndani ya chungu; akaambiwa ni maji tu, watoto wapumbazwe kwayo mpaka walale. Kisha yule mama, asiyemjua asemaye naye, akasema ya kuwa Mungu atahukumu baina yake na Umar. Umar akamwuliza Umar atajuaje khabari zao. Naye akajibu: vipi atawale mambo yao kisha aghafilike nao?

Umar ndiye aliyeuleta udhuru wa kutokujua. Mama yule akaukataa. Na Umar hakubishana naye wala hakumwambia kwamba alipaswa kuja mjini kusema shida yake. Alirudi mbio mpaka ghala ya unga, akatoa gunia na mafuta, na Aslam alipotaka kumchukulia mzigo alikataa, akamwuliza ni nani atakayemchukulia mizigo yake siku ya Kiyama. Akaubeba mwenyewe, akapika mwenyewe, akipuliza moto hata moshi ukapita katika ndevu zake, na hakuondoka mpaka alipowaona watoto wameshiba na kucheka.

Basi hii ndiyo jawabu ya mas'ala. Yule mama hakuwa ndani ya mji, alikuwa pembezoni mwake, hakuomba, hakutuma mtu. Na Khalifa mwenyewe alikubali ya kuwa kumtafuta kulikuwa juu yake yeye Khalifa. Na aliyekuwa mbora wa Ahlul Bayt katika zama zake, Ali Zaynul Abidin bin Husayn (r.a.), alikuwa akibeba mikate usiku mgongoni mwake akiitia katika nyumba za mafakiri wa Madina, nao hawamjui; alipokufa ndipo zile riziki za usiku zilipokatika wakatambua, na waliomwosha wakaona alama ya mizigo mgongoni mwake. Hakuweka mahali pa kugawia, watu wakaja kupanga safu juani. Alikwenda.

FASLI YA TANO: Maneno ya wenye kupinga, na jawabu zake

Akisema msemaji: "Masikini wa siku hizi ni waongo, wengi wana mali na hujifanya hawana." Ajibiwe: Wako waongo. Lakini fiqhi imesema ya kuwa adaiye ufakiri hatakiwi kuleta mashahidi, illa ikijulikana ya kuwa alikuwa na mali akadai imepotea. Na katika hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) iliyo katika Bukhari na Muslim yuko mtu aliyetoa sadaka usiku, ikaangukia kwa mwizi, kisha kwa mzinzi, kisha kwa tajiri, na akabashiriwa ya kuwa huenda kila mmoja wao akaongoka kwayo. Tena hoja hii yamrudia aisemaye: mwongo ndiye ajuaye njia ya kufika panapogawiwa. Aogopaye waongo na aende yeye majumbani, ajionee. Huko ndiko waongo hawafichiki.

Akisema msemaji: "Kuwapa chakula ni kuwafundisha uvivu. Mtume alisema mtu achukue kamba akatafute kuni ni bora kuliko kuomba." Ajibiwe: Hadithi ni sahihi, ameipokea Bukhari. Lakini kwanza na atazame ya kuwa msitu wa Pugu leo ni hifadhi, na kuingia kukata kuni bila ya idhini ni kosa. Kamba anayo masikini. Kuni zina mwenyewe. Amwambiaye mtu afanye kazi na amfungulie mlango wa kazi. Na pili, Abu Daud amepokea kwa Anas (r.a.) kisa cha mtu wa Kiansari aliyekuja kuomba, ijapokuwa katika isnadi yake mna maneno. Mtume (s.a.w.) alimwuliza ana nini nyumbani, akasema ana nguo nzito na chombo cha kunywea. Vikaletwa, na Mtume mwenyewe akavinadi mbele ya watu, mmoja akasema dirhamu moja, akauliza ni nani atakayezidisha, mpaka vikauzwa kwa dirhamu mbili. Dirhamu moja akamwamrisha anunulie watu wake chakula, na ya pili anunue shoka. Watu wa Pugu wanaujua mnada, nao wataifahamu hekima hii: chakula kwanza, kisha shoka, wala hakumpa shoka hali watoto wana njaa, wala hakumpa chakula akamwacha bila ya shoka. Ndiyo maana kwa madhehebu ya Imamu Shafi fakiri mwenye kazi hupewa katika zaka cha kununulia vyombo vya kazi yake, na mfanya biashara hupewa mtaji.

Akisema msemaji: "Zaka haihamishwi kutoka katika mji wake. Mimi niko Kariakoo, na Pugu ni mbali." Ajibiwe: Kweli kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kukataza kuhamisha, kwa hadithi ya Mu'adh (r.a.) alipopelekwa Yemen, kwamba zaka huchukuliwa kwa matajiri wa watu na kurudishwa kwa mafakiri wao. Lakini wenye fiqhi wamesema katika mlango wa safari ya kuwa vijiji viwili vikishikana majengo vina hukumu ya mji mmoja. Na majengo ya Kariakoo na Pugu yameshikana. Tena ajabu ni ya kuwa taka za Kariakoo haziulizi kama Pugu ni mji mwingine. Yampasaje mtu kuiona Pugu ni karibu kwa uchafu wake, kisha aione ni mbali kwa zaka yake? Walakini hoja hii isiwapumbaze wenye uwezo walio Pugu penyewe, wenye maduka na magari na nyumba za kupangisha: wao ndio wa kwanza kuulizwa.

Akisema msemaji: "Katika wenye njaa wa Pugu wako wasiokuwa Waislamu." Ajibiwe: Zaka ya faradhi ina watu wake waliotajwa. Ama sadaka mlango wake ni mpana, na Sura Al-Insan, aya ya 8, imewasifu waliomlisha masikini na yatima na mateka, na mateka wa zama zile alikuwa mshirikina. Na wenye sharhi wameeleza ya kuwa faradhi ya kuondoa njaa humwingiza hata asiyekuwa Mwislamu aishiye kwa amani pamoja na watu. Tumbo la mtoto haliulizwi dini yake.

FASLI YA SITA: Namna ya kutenda

Elimu isiyo na amali ni kama mti usio na matunda. Basi ni wajibu wa kila msikiti kuwa na daftari la jirani zake. Mji huu umekwisha kujua kuzihesabu nyumba kwa ajili ya chakula: wakati wa Vita Kuu ya Pili chakula kiligawiwa kwa kipimo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalikuwako maduka ya kaya, na kila nyumba ikijulikana kwa mjumbe wake wa nyumba kumi. Mambo yale yalikuwa na taabu zake nyingi, na waliofika wanayakumbuka. Lakini fundisho lake ni ya kuwa kuzijua nyumba kwa majina kwawezekana. Imamu na achague wanaume wawili waaminifu na wanawake wawili waaminifu, kwani mwanamke ndiye awezaye kuingia jikoni kwa mwenziwe akaona kama jifya ni la moto au ni la baridi. Daftari hilo lisisomwe hadharani.

Pili, msaada wa bei rahisi usidharauliwe. Fakiri hununua ghali kuliko tajiri: tajiri hununua gunia, fakiri hununua robo kilo na mafuta ya kupima, na kwa kila kipimo hulipa zaidi. Watu kumi wakichanga wakanunua unga na maharage kwa jumla, wakauza kwa kibaba bila ya faida, wamemsitiri mwenye haya, kwa sababu yeye amenunua, hakuomba. Na mwenye uwezo aweza kwenda kwa mwenye duka la mtaani, akauliza daftari la mikopo, akalipa deni la unga la watu asiowajua nao hawamjui. Jambo hili lilikuwa desturi ya matajiri wa Istanbul katika dola ya Uthmaniya, nalo laweza kufanywa Pugu kesho asubuhi.

Tatu, chakula cha harusi na cha hitima. Imepokewa katika Bukhari na Muslim ya kuwa chakula kibaya mno ni cha karamu ambayo huitwa matajiri wakaachwa mafakiri. Basi sehemu ya fakiri itolewe kabla ya sahani kupangwa, si baada ya watu kunawa. Kwani Al-Baqara, aya ya 267, imekataza kukusudia kibaya katika kutoa. Kadhalika pishi ya fitri, ambayo ni vibaba vinne, karibu kilo mbili na nusu za chakula cha mji, itoke kabla ya sala ya Idi. Na mwenye kuchinja ajue ya kuwa hana budi kumpa fakiri sehemu ya nyama ikiwa mbichi. Wanyama hao wengi wametoka mnadani Pugu. Haielekei nyama yao isirudi huko hata kwa siku moja.

Nne, jambo liwe la kudumu. Futari ya Ramadhani ni kheri kubwa, walakini njaa haifuati mwezi. Mwaka 1552 Khasseki Sultan, mkewe Sultani Suleiman, aliweka wakfu jiko la kuwalisha mafakiri Baitul Maqdis, akalifungia mapato ya vijiji na mashamba. Mwenyewe akafa baada ya miaka michache, na jiko likaendelea kupika karne baada ya karne. Mwenye nyumba ya kupangisha Gongo la Mboto aweza kuwakifia chumba kimoja tu, kodi yake iwe unga wa watu wa mtaa wake, nacho kikamfuata kaburini kwa thawabu.

Tano, na hili ni la kutahadhari: mwenye kutoa asimpige fakiri picha na mfuko wa unga mkononi, kisha akaieneza katika simu. Al-Baqara, aya ya 264, imeeleza ya kuwa masimango na udhia hubatilisha sadaka. Na mjane yule wa Pugu, aliyeshinda na njaa siku mbili kwa ajili ya sitara yake, akipigwa picha siku ya tatu, amepewa kilo tano za unga na amenyang'anywa kile alichokuwa akikilinda.

KHATIMA

Yamebainika basi ya kuwa mwenye njaa anayo ruhusa ya kutafuta, na akihofia watoto wake imempasa. Lakini wajibu wa asili wa kutafuta uko juu ya aliyeshiba. Mwenye njaa asipotafuta, huenda akawa na udhuru wa haya, au wa maradhi, au wa nauli. Aliyeshiba asipotafuta, ana udhuru gani?

Na ile methali ya wazee ni ya kweli, ila imegeuzwa. Aliye mvunguni ni fakiri mwenye haya, ambaye Mwenyezi Mungu amemweka hapo kuwa mtihani wa jirani zake. Atakaye radhi za Mola wake ndiye sharti ainame.

Mwenyezi Mungu awashibishe wenye njaa, awafumbue macho walioshiba, azibariki riziki za watu wa Pugu na wa miji yote ya Waislamu, na awajaalie wenye kusikia maneno wakafuata yaliyo mema. Amin. Wallahu a'lam.